Grisi ya Liemba na Kompyuta za Kasulu

(Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, nikikutajia Kabanga huenda mawazo yako yakakimbilia Ngara, kwenye ile nikeli inayozungumzwa kila mwaka. Sivyo. Kabanga ninayotaka kuizungumzia leo iko Kasulu, mkoani Kigoma, huko juu kwenye vilima vya Buha, ambako asubuhi mtu huamka na koti, na udongo ni mwekundu kiasi kwamba shati jeupe ni anasa. Ina hospitali ya misheni, ina chuo cha ualimu, na ina shule ambayo watoto wenye ualbino walipelekwa ili walindwe wakati ule wa mauaji ya aibu. Mji wa Kasulu hauko mbali. Nilikaa sehemu hizo miaka michache nikiwa mwalimu kijana, na mwaka jana nilirudi kwa sababu ya disketi tatu.

Vijana wengi wanaonisikiliza hawajapata kuiona disketi. Ni bahasha ya plastiki ya mraba, nyeusi, yenye upana wa inchi tano na robo, na ndani yake limo duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku, ule ule wa kanda za kaseti. Disketi za aina hiyo zilizokuwa za kawaida zilibeba herufi zipatazo 360,000. Leo picha moja tu ya simu haiwezi kuingia humo. Lakini kwa maandishi matupu ni mengi: kurasa mia moja na zaidi.

Mwaka 1992 nilikuwa nikizunguka kwa baiskeli siku za Jumamosi, nikiwatembelea wazee wa Heru na kuwauliza habari za zamani: jinsi watwale walivyotawala, jinsi ng'ombe walivyogawiwa, jinsi chumvi ya Uvinza ilivyouzwa, na habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekitawala kiti cha Heru katika siku za mwisho za machifu, kabla sheria ya mwaka 1963 haijaufuta utawala huo. Nilikuwa na kinasa sauti kimoja na kaseti nne. Kaseti zilikuwa ghali, kwa hiyo nikishayaandika mazungumzo katika daftari, nilinasa mzee mwingine juu ya yule wa kwanza. Naam, nilifanya hivyo. Sina wa kumlaumu.

Ofisi moja ya misaada pale mjini ilikuwa na kompyuta, na jenereta lao liliwashwa saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Mhasibu wao, mtu mwema, aliniruhusu niketi pale baada ya kazi na kupiga chapa daftari zangu. Nikahifadhi kila kitu katika disketi tatu. Nakala niliyochapa kwenye karatasi niliikabidhi mahali ambapo niliamini itatunzwa. Mchwa walifika kabla ya watafiti. Daftari zenyewe ziliharibika nilipohama, kwa mvua iliyoingia kwenye lori. Zikabaki disketi tatu ndani ya bahasha ya kaki, na mimi nikazichukua kila nilikohamia, kwa miaka zaidi ya thelathini, bila ya kuwa na mashine ya kuzisoma. Wazee wale wote wamekwisha kufariki.

Basi nilipoambiwa kwamba Kasulu kuna fundi mmoja anayekusanya kompyuta za kale na kuzifufua, nilipanda basi.

Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya maduka. Ni mtu wa makamo, alianza kwa kutengeneza redio za mbao, kisha redio za transista, kisha televisheni. Tulisalimiana Kiha, yaani kwa muda mrefu, kwani Waha hawaamini kwamba mtu anaweza kuulizwa hali kwa neno moja. Kisha akaipokea bahasha yangu kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "umeniletea mgonjwa au umeniletea maiti?"

"Sijui, fundi. Wewe ndiye daktari."

Nyuma yake, juu ya mbao, zilipangwa mashine ishirini na kitu. Nyingine nilizitambua: zile kubwa za rangi ya maziwa yaliyochacha, zenye monita nzito kama jiwe la kusagia. Nilimuuliza zimetoka wapi, maana Kasulu si Dar es Salaam. Akanijibu kwamba Kasulu imepitiwa na kompyuta nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Na ni kweli ukipiga hesabu. Warundi walikimbilia huku kwa wingi mwaka 1993, Wakongo mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Kila kambi huja na ofisi, na kila ofisi huja na mashine za kuandikisha watu. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, na kabla yake nyinginezo, vifaa viligawiwa au vikanadiwa. Aidha, kuanzia mwaka 2005 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianza kupeleka kompyuta katika vyuo vyake vya ualimu nchini. Mashine inayokwenda chuoni ikiwa mpya lazima siku moja itoke ikiwa kuukuu. Wanaongoja mlangoni ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Wao huvunja kioo, hutoa shaba, na kilichobaki hukichoma moto. Fundi huyu huwawahi. Hulipa kidogo zaidi ya bei ya shaba.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya historia ya kompyuta katika nchi yetu, ambayo wengi tunadhani ilianza jana na simu za mkononi.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Iliitwa ICT 1500. Kampuni ya ICT ilikuwa ya Kiingereza, lakini mashine hiyo hawakuibuni wao; ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jipya. Na RCA ni nani? Ni ile kampuni kubwa ya redio ya Marekani. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa ya ukoo wa redio, na mimi kama mtu wa redio najisikia vizuri kulisema hilo. Mwaka 1971 RCA wenyewe walijitoa katika biashara ya kompyuta kwa hasara kubwa, lakini hayo yao.

Mashine ya aina hiyo iliuzwa ikiwa na uwezo wa kukumbuka herufi 10,000, au 20,000, au 40,000. Yaani mazungumzo yangu haya ya leo, ukiyapiga chapa, yasingeweza kuingia yote katika ile ndogo kuliko zote. Ililishwa kadi zenye matundu. Ilijaza chumba, ikahitaji ubaridi, ikahitaji watu waliofundishwa. Na hiyo ndiyo tuliyoitegemea kwa hesabu za Serikali miaka minne tu baada ya Uhuru, wakati ambapo waliokuwa na shahada nchini walikuwa wachache mno. Mimi nauona huo kuwa ujasiri, ingawa wako wanaouona kuwa wazimu.

Hadi 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huo huo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila ya kibali maalumu. Televisheni nazo zikazuiwa. Watu hucheka wanaposikia habari hiyo, wakidhani viongozi wa wakati ule waliogopa maendeleo. Haikuwa rahisi hivyo. Mfumo wa hesabu za Serikali uliowekwa kwenye kompyuta ulikuwa umevurugika, fedha nyingi zilikuwa zimepotea, na Hazina ilikuwa imelazimika kurudi kwenye vitabu na kalamu. Mashine zilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo tulikuwa hatuna. Vipuri vilitoka nje, mafundi walitoka nje, hata ushauri wa kununua mashine kubwa zaidi ulitoka kwa wale wale waliokuwa wakiziuza. Mtu aliyeungua kwa uji hupuliza hata mtindi. Amri ilikuwa kali kupita kiasi, kwa maoni yangu, na ilitugharimu, lakini waliyoitoa walikuwa wameungua kweli.

Marufuku hayo yalilegezwa pole pole katika miaka ya 1980, wakati kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuingia kwa kibali. Televisheni ilisubiri zaidi: Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulipata kituo chetu cha kwanza mwaka 1994 tu. Sera ya Taifa ya mambo haya ya habari na mawasiliano ilitoka mwaka 2003.

Sasa nakuuliza: umewahi kuiona ile ICT 1500? Mimi katika Makumbusho ya Taifa nimeliona gari la Rolls-Royce lililowabeba wakubwa. Nimeyaona mafuvu ya kale, nimeiona mitumbwi. Mashine iliyofanya hesabu za Taifa changa, na ambayo mkasa wake ulizaa amri iliyogusa maisha yetu kwa zaidi ya miaka kumi, sikuikuta. Hata kipande chake, hata kadi moja yenye matundu.

Wenzetu wanafanyaje? Kule Uingereza kuna mashine iitwayo ICT 1301, ya kampuni ile ile iliyotuuzia sisi. Mmoja wa mashine hizo ulipelekwa Chuo Kikuu cha London mwaka 1962, na kazi yake mojawapo ilikuwa kutayarisha matokeo ya mitihani ya GCE. Wazee wetu wengi wa Afrika Mashariki waliojisomea kwa posta, kwa taa ya chemli, walifanya mitihani ya London; huenda matokeo ya jirani yako mstaafu yalipita katika tumbo la mashine hiyo. Ina uzito wa tani tano hivi. Iliundwa ijue kujumlisha paundi, shilingi na peni bila ya kufundishwa, jambo ambalo si dogo, kwa sababu shilingi yao ilikuwa na peni kumi na mbili na paundi ilikuwa na shilingi ishirini. Sisi wa shilingi na senti tulikuwa tumekwisha kuepukana na balaa hilo tangu 1921.

Chuo kilipoichoka, vijana wanafunzi waliinunua kwa paundi 200, bei ya chuma chakavu, wakaibeba. Ikaishia katika banda la shamba huko Kent, na ikapewa jina la utani, Flossie. Mwaka 2003 watu wa kujitolea walianza kuifufua, bodi moja baada ya nyingine, na ikafanya kazi. Wanacho chama chao cha kuhifadhi kompyuta, kilichoundwa mwaka 1989, na wako watu wazima wenye mvi wanaotumia Jumamosi zao zote humo.

Siku hizi wakusanyaji wa huko hawatafuti zile kubwa tu. Wanatafuta sana zile mashine za mezani walizotumia wahandisi na watafiti katika miaka ya 1980 na 1990, ambazo zilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko kompyuta za ofisini na bei yake ilikuwa bei ya gari: za Apollo, za Sun, za Silicon Graphics, za NeXT. Ilikuwa ni NeXT moja, nyeusi, ambayo Tim Berners-Lee aliitumia huko CERN, Uswisi, mwaka 1990 alipoanzisha huu utando wa dunia nzima tunaouita intaneti kwa mazoea. Aliibandika karatasi yenye maandishi ya kuwasihi watu wasiizime. Imehifadhiwa mpaka leo, pamoja na karatasi yake. Fikiri kama mfagizi wa usiku angekuwa na mikono myepesi.

Fundi wetu wa Kasulu anayo Sun moja, bapa kama bati la biskuti, aliyoletewa kutoka Dar es Salaam na dereva wa lori. Aliniambia ugonjwa wake. Ndani mna kidude kidogo cheusi, ukubwa wa kiungo cha kidole, chenye kumbukumbu na betri iliyozikwa humo humo kiwandani. Katika kidude hicho ndimo mashine inapohifadhi saa na namba ya utambulisho wake. Betri ikifa, baada ya miaka kumi au zaidi, mashine inaamka haijui yenyewe ni nani, na programu nyingine zinakataa kuizungumza. Dawa ni kukikwangua kidude kwa msumeno mdogo, pole pole, mpaka uifikie miguu ya betri, uikate, kisha uchomee betri nyingine kwa nje, ile ya duara kama shilingi inayouzwa kila duka la saa. Baada ya hapo unaipa mashine namba yake upya. Fundi alifanya hivyo kwa miwani ya kushonea na mkono usiotetemeka. Ilipoamka, alisema, aliipigia makofi peke yake.

Napenda kueleza kidogo jinsi anavyofanya kazi, kwa sababu mtu anaweza kudhani kufufua ni kuchomeka waya ukutani. Hilo hasa ndilo linaloua. Mashine iliyolala miaka ishirini haiwashwi. Kwanza inafunguliwa, inapulizwa vumbi, na vumbi la Kasulu ni jekundu na linanata. Kisha anatafuta betri. Kompyuta nyingi za zamani zilichomewa betri ndogo juu ya bodi, na betri hizo huvuja. Maji yake hula nyuzi za shaba kama mchwa walivyokula karatasi zangu. Maji hayo ni ya aina ya magadi, kwa hiyo yeye huyasafisha kwa limao. Naam, limao la sokoni, kwa mswaki wa zamani, kisha spiriti, kisha jua la asubuhi. Nyuzi zilizokatika huziunga kwa waya mwembamba kama unywele.

Halafu anakagua kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Vilivyovimba kichwani huvitoa. Mwisho, anapowasha kwa mara ya kwanza, haunganishi umeme moja kwa moja. Anaupitisha kwanza katika balbu ya kawaida ya wati 100. Ikiwa mashine ina hitilafu na inavuta umeme kwa pupa, balbu inawaka kwa nguvu na mashine inasalimika. Ikiwa ni nzima, balbu inamulika kidogo na kufifia. Ujanja huo aliujua tangu enzi za redio. Monita huzishughulikia akiwa peke yake, mlango umefungwa, watoto mbali, kwa maana ndani ya kioo cha namna ile umeme hubaki hata baada ya kuzimwa, na mkubwa wa kutosha kumtupa mtu ukutani.

Umeme wenyewe ulikuwa kisa kingine. Kwa miaka mingi Kasulu ilitegemea majenereta ya mafuta ya TANESCO, umeme uliopanda na kushuka kama homa, na kila uliposhuka mashine ya mtu ilikufa. Gridi ya Taifa ilifika huko mwaka 2022. Fundi anasema kabla ya hapo alikuwa akifufua mashine ile ile mara tatu.

Hapana shaka wako watakaosema hii ni kazi ya wenye muda. Nchi inahitaji kompyuta mpya, si makaburi ya kompyuta. Tena tumekwisha kugeuzwa jalala: mitumba ya Ulaya inaletwa kwa jina la msaada, nusu yake haiwaki, na sisi tunabaki na risasi na zebaki katika visima vyetu. Uganda mwaka 2009 walitangaza kupiga marufuku kompyuta zilizokwisha kutumika kwa sababu hiyo hiyo. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini ninaozungumzia si makontena. Ninazungumzia moja ya kila aina, iliyokwisha kutumika hapa hapa, na watu wa hapa, kwa kazi za hapa. Na zaidi ya mashine, ninazungumzia yaliyomo ndani yake. Sensa ya mwaka 2022 tuliifanya kwa vishikwambi, na vishikwambi hivyo baadaye wakagawiwa walimu. Vizuri sana. Je, daftari za shule, mafaili ya zahanati, mihutasari ya vijiji iliyopigwa chapa katika miaka ya 1990 na kuwekwa kwenye disketi iko wapi? Karatasi ya Mjerumani ya mwaka 1905 bado unaweza kuisoma kwa macho. Disketi ya mwaka 1995 huwezi, ila uwe na mashine yake, na programu yake, na mtu anayejua kuviamsha vyote viwili.

Nilimwuliza fundi kama anatumaini kuziamsha zote ishirini na kitu. Akacheka. Akaniuliza kama naijua habari ya Liemba.

Nani wa Kigoma asiyeijua? Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini wahandisi walioiunga hawakuwa na moyo wa kuiua. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene, kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya ziwa, wakafungua, wakakuta injini ziko salama. Mwaka 1927 ilianza safari ikiwa na jina jipya, Liemba, kwa injini zile zile, nazo ziliendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970 zilipowekwa za dizeli.

"Mimi siwezi kuzifufua zote, Mwalimu," alisema. "Hizi nyingi ninazipaka grisi tu."

Akanionyesha. Mashine ambazo hana vipuri vyake amezitoa betri zote, amezisafisha, amezifunga katika mifuko ya nailoni pamoja na kitambaa cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na juu ya kila moja ameandika kwa kalamu ya wino aina yake, ilikotoka, na kinachoiuma. Katika shughuli yote ile sijaona maandishi yaliyonigusa kama yale. Alikuwa akimwandikia fundi mwingine ambaye hajazaliwa.

Turudi kwenye disketi zangu. Alizitazama kwa darubini ndogo ya sonara. Mbili zilikuwa na ukungu mweupe, kama ule wa mkate. Alizipangusa kwa pamba na spiriti, akizizungusha kwa ncha ya kidole, na hakuzitia kwenye mashine mpaka siku ya pili. Aliniambia kwamba disketi ya zamani husomwa mara moja tu: kichwa cha kusomea kikipita, kinaweza kuubandua ule unga wa sumaku, na ukibanduka basi. Kwa hiyo ile mara moja ndiyo ya kunakili kila kitu.

Asubuhi ya pili tuliketi mbele ya mashine moja ya mwaka 1990 au karibu na hapo. Aliiingiza disketi ya kwanza, akafunga kile kilango, na ikaanza kuguguna. Vijana hawaijui sauti ile. Ni kama panya ndani ya debe. Iliguguna, ikanyamaza, ikaguguna tena mahali pamoja kwa muda mrefu, na fundi akaweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha majina ya mafaili yakajitokeza kwenye kioo, kwa herufi za kijani, na mimi nikayatambua, kwa sababu niliyaita kwa majina ya vijiji vyao.

Ya pili ilisoma pia, isipokuwa faili moja. Nimeketi nayo tangu niliporudi. Mzee mmoja anaeleza jinsi walivyopiga foleni ya kulipa kodi; mwingine anaanza habari ya Mwami Theresa kuwasili katika kijiji chao, kisha anakatiza kumlaumu mjukuu wake kwa kufungulia mbuzi, na mimi katika ujana wangu niliyapiga chapa hata hayo. Sikumbuki sura ya yule mjukuu. Atakuwa mtu mzima sasa, huko huko Heru, kama Mungu amemjalia.

Ya tatu haikusoma. Fundi aliijaribu katika vichwa viwili tofauti, kisha akaiacha mwenyewe kabla sijamwomba aiache. Anasema inahitaji kichwa kisichochakaa, na anajua mtu wa Kigoma mjini mwenye mashine ya namna hiyo ambayo haijawahi kufunguliwa. Ameitia disketi katika kopo la kahawa pamoja na mchele, ameandika juu yake jina langu, mwaka 1992, na neno "mgonjwa". Nakwenda tena baada ya masika, barabara ikikauka.